Nyota Yako ni Ipi? Tarehe, Jina la Mama, Mwezi na Mwaka wa Kichina Vikilinganishwa

Chukua mtoto Juma, mama yake Fatuma, kazaliwa Tanga siku ya Alhamisi tarehe 3 Februari 2000, saa 2 asubuhi. Msomaji wa nyota za magazetini atamwambia yeye ni Ndoo. Anayepiga hesabu kwa vitabu vya falaki vya pwani atamwita Punda. Mnajimu wa Kihindi atasema Mshale, na Mchina atamwambia mwaka wake ni Sungura. Wote wanne hesabu zao ziko sawa. Mmoja katazama Jua liko wapi siku ile, wa pili kajumlisha herufi za majina, wa tatu katazama Mwezi, wa nne katazama mwaka.

Kabla ya kuchagua njia, basi, jiulize mambo mawili: una taarifa gani za uhakika kuhusu kuzaliwa kwako, na unaitaka nyota kwa kazi gani. Mtu anayetaka alama ya kuchora kwenye pete, mzazi anayetafuta herufi ya jina la mtoto, na mzee ambaye cheti chake kina tarehe ya kukisia hawawezi kutumia njia moja.

Njia tatu za kwanza zinatumia duara moja la nyota 12, kwa hiyo anza na jedwali hili. Majina ya safu ya kwanza ndiyo yaliyozoeleka magazetini na redioni. Wasomaji wengi wa Tanzania na Kenya waliyazoea kupitia kwa Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2011. Safu ya pili ni majina ya vitabu vya pwani, ambavyo huita kila nyota buruji. Tarehe ni za siku Jua linapoingia katika nyota husika, na huweza kusogea siku moja mbele au nyuma.

| Nyota | Buruji | Kimagharibi, kuanzia | Kihindi (Jua), kuanzia | Asili | Sayari |
|---|---|---|---|---|---|
| Punda | Hamali | 21 Machi | 14 Aprili | moto | Mirihi |
| Ng'ombe | Thauri | 20 Aprili | 15 Mei | udongo | Zuhura |
| Mapacha | Jauza | 21 Mei | 15 Juni | upepo | Utaridi |
| Kaa | Saratani | 21 Juni | 16 Julai | maji | Mwezi |
| Simba | Asadi | 23 Julai | 17 Agosti | moto | Jua |
| Mashuke | Sumbula | 23 Agosti | 17 Septemba | udongo | Utaridi |
| Mizani | Mizani | 23 Septemba | 17 Oktoba | upepo | Zuhura |
| Nge | Akrabu | 23 Oktoba | 16 Novemba | maji | Mirihi |
| Mshale | Kausi | 22 Novemba | 16 Desemba | moto | Mushtari |
| Mbuzi | Jadi | 22 Desemba | 14 Januari | udongo | Zohali |
| Ndoo | Dalu | 20 Januari | 13 Februari | upepo | Zohali |
| Samaki | Hutu | 19 Februari | 14 Machi | maji | Mushtari |

Sayari za jedwali hili ni zile saba za zamani, na pwani na Uhindini bado wanazishika hizo. Wanajimu wa Magharibi wa siku hizi wamempa Nge sayari ya Pluto, Ndoo wamempa Uranus, na Samaki wamempa Neptune. Ukiona maelezo mawili ya Nge yanapingana, angalia kwanza kama moja limejengwa juu ya Mirihi na jingine juu ya Pluto.

Tarehe ya kuzaliwa: njia rahisi yenye mtego mipakani

Njia ya Kimagharibi hugawa mzunguko wa Jua katika vipande 12 vya nyuzi 30, na huanza kuhesabu pale Jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini mwezi Machi. Jua husogea kama uzi mmoja kwa siku. Kwa mtu aliyezaliwa katikati ya kipindi, tarehe peke yake inatosha, hata saa haihitajiki.

Shida iko kwa waliozaliwa siku za mpakani. Mwaka hauna siku 365 kamili, kwa hiyo saa ya Jua kuvuka hubadilika kila mwaka na kurudishwa nyuma na mwaka mrefu. Mwaka 2003 Jua lilivuka tarehe 21 Machi, saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Mwaka 2024 lilivuka tarehe 20 Machi, saa 12 na dakika 6 asubuhi. Waliozaliwa mchana wa tarehe 20 Machi katika miaka hiyo miwili wana nyota mbili tofauti: wa 2003 ni Samaki, wa 2024 ni Punda. Kauli ya kwamba mtu wa mpakani ana nyota mbili kwa pamoja haina msingi ndani ya hesabu yenyewe. Jua huwa upande mmoja au wa pili, na programu yoyote ya ramani ya nyota itakuonyesha upande gani ukiipa saa na mahali.

Kuna pia habari inayorudi mitandaoni kila baada ya miaka michache kwamba nyota zimekuwa 13. Ni kweli kwamba Jua hupita katika kundi la nyota liitwalo Ophiuchus, takribani kuanzia tarehe 30 Novemba hadi 17 Desemba. Lakini makundi ya nyota za angani hayalingani kwa ukubwa, ilhali vipande 12 vya wanajimu vyote ni nyuzi 30 na vinahesabiwa kutoka mvuko wa Machi. Ophiuchus haibadilishi chochote katika njia hii.

Saa ya Kiswahili ndiyo inayoharibu ramani nyingi

Ukitaka zaidi ya nyota ya Jua, yaani buruji iliyokuwa inachomoza mashariki wakati unazaliwa, saa sahihi ni lazima. Anga lote huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, na kwetu karibu na ikweta kila buruji huchukua takribani saa mbili kuchomoza.

Juma alizaliwa saa 2 asubuhi, ambayo kwa mfumo wa saa 24 ni 08:00. Mtu akiandika 02:00 kwenye programu, amerudi nyuma saa sita, sawa na nyuzi 90, yaani buruji tatu. Saa 08:00 pale Tanga iliyokuwa ikichomoza ni Samaki. Saa 02:00 ilikuwa Mshale. Nyota ya Jua inabaki Ndoo katika hali zote mbili, na ndiyo sababu kosa hili halionekani kirahisi. Kanuni ni hii: saa za asubuhi (kuanzia saa 1), mchana na jioni, ongeza 6 (saa 7 mchana ni 13:00, saa 11 jioni ni 17:00). Saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongeza 18 (saa 3 usiku ni 21:00). Saa 6 usiku ni 00:00, na kuanzia hapo tarehe imeshabadilika. Saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6 (saa 8 usiku ni 02:00).

Namna ya kuutaja usiku nayo ina mtego. Mzee wa pwani akikwambia umezaliwa "usiku wa Ijumaa", anaihesabu siku kuanzia Magharibi, kwa hiyo huenda ni Alhamisi jioni kwa kalenda ya ukutani. Muulize: ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa usiku baada ya sala ya Isha? Jibu linaweza kusogeza tarehe siku nzima.

Saa za eneo pia zikaguliwe. Kenya, Tanzania na Uganda ni saa tatu mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo (Goma, Bukavu, Lubumbashi) ni saa mbili, Kinshasa ni saa moja, Muscat ni saa nne. Ukiichagua Kinshasa kwa kuwa ndiyo mji wa kwanza wa Kongo kwenye orodha, mzaliwa wa Bukavu atapotezewa nusu ya buruji.

Jina na jina la mama: njia ya pwani

Njia hii haiulizi tarehe kabisa. Hujumlisha thamani za herufi za jina la mtu na za jina la mama yake kwa hesabu ya abjadi, kisha hugawanya jumla kwa 12. Kinachobaki ndiyo nyota, kwa kuhesabu kutoka Hamali: 1 ni Punda, 2 ni Ng'ombe, na kuendelea. Isipobaki kitu, ni Samaki.

Thamani ni hizi: ا 1, ب 2, ج 3, د 4, ه 5, و 6, ز 7, ح 8, ط 9, ي 10, ك 20, ل 30, م 40, ن 50, س 60, ع 70, ف 80, ص 90, ق 100, ر 200, ش 300, ت 400, ث 500, خ 600, ذ 700, ض 800, ظ 900, غ 1000.

Juma kwa Kiarabu ni جمعة: 3 + 40 + 70 + 5 = 118. Fatuma ni فاطمة: 80 + 1 + 9 + 40 + 5 = 135. Jumla 253. Kumi na mbili mara 21 ni 252, inabaki 1. Punda.

Hapo ndipo pa kuwa makini, maana matokeo yanategemea uamuzi mdogo mdogo wa mwandishi. Ile ة ya mwisho tumeihesabu 5, kama ه, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyoandikwa mtu akisimama juu yake. Mwingine akiihesabu 400 kama ت, Juma anakuwa 513 na Fatuma 530, jumla 1043, inabaki 11: Ndoo. Na fundi anayeandika Juma kama anavyolisikia, جوما, anapata 3 + 6 + 40 + 1 = 50; ukijumlisha na 135 ni 185, inabaki 5: Simba. Majina yale yale, nyota tatu.

Mpangilio wa Kimagharibi wa Kiarabu, uliotumika Morocco na jirani zake, nao una thamani tofauti kwa herufi sita. Si kila tofauti inabadilisha nyota. س huko ni 300 badala ya 60. Tofauti ya 240 inagawanyika kwa 12 bila baki, kwa hiyo Salimu haathiriki. Lakini ش huko ni 1000 badala ya 300, na 700 ukiigawanya kwa 12 inabaki 4, kwa hiyo Shabani anarushwa nyota nne mbele.

Majina yasiyo ya Kiarabu ndiyo yenye utata mkubwa zaidi. Chausiku, Wanjiku au Mapenzi hayana tahajia moja ya Kiarabu, na herufi kama "ch" na "p" hazimo kabisa katika zile 28. Kawaida چ huhesabiwa kama ج na پ kama ب. Je, irabu iandikwe kwa herufi au kwa alama ya juu isiyohesabiwa? Kila fundi na kawaida yake. Jina la mama lisipojulikana, wako wanaoweka Hawa, lakini hata حواء ni 15 ukiiacha hamza na 16 ukiihesabu.

Ushauri wetu: ukichagua njia hii, andika pembeni tahajia uliyotumia na thamani ya kila herufi, na utake hivyo hivyo kwa yeyote unayempelekea. Fundi anayekupa nyota bila kukuonyesha jumla yake hajakupa kitu unachoweza kukikagua. Na jina litumike lile la kuzaliwa, si la utani wala la ndoa.

Mwezi: njia ya Kihindi

Wahindi huhesabu kutoka kwenye nyota zenyewe za angani, wala si kutoka mvuko wa Machi. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama uzi mmoja kwa miaka 72, na kwa sasa hesabu hizi mbili zimeachana kwa takribani nyuzi 24. Ndiyo maana safu ya nne ya jedwali iko wiki tatu na zaidi nyuma ya ile ya tatu, na ndiyo maana Jua la Juma, ambalo kwa Wamagharibi liko Ndoo, kwa Wahindi liko Mbuzi.

Hata hivyo, Mhindi akiulizwa rashi yake, yaani nyota yake, kwa kawaida hutaja alipokuwa Mwezi, si Jua. Siku ile Mwezi ulikuwa Dhanu, yaani Mshale. Mwezi hukaa katika rashi moja siku mbili na robo hivi, kwa hiyo hakuna jedwali la tarehe linaloweza kukupa jibu. Lazima programu au almanaki ya mwaka huo. Duara lote la rashi 12 hugawanywa pia katika vituo 27 viitwavyo nakshatra, kila kimoja nyuzi 13 na theluthi, karibu mwendo wa Mwezi wa siku moja. Kila nakshatra ina robo nne, na kila robo ni kama saa sita. Kwa hiyo kosa la saa ya Kiswahili tulilolieleza linakuhamisha robo nzima.

Robo hiyo ina kazi. Katika familia nyingi za Kihindu, wakiwemo Wagujarati wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, herufi ya kwanza ya jina la mtoto hutoka humo. Mtoto wa Mesha, yaani Punda, hupewa A, L au I. Wa Dhanu hupewa Bh, Dh au F. Ni kinyume cha pwani: kule jina huzaa nyota, huku nyota huzaa jina. Kwa ndoa, ramani za Mwezi za wachumba hulinganishwa kwa alama 36, na 18 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini cha kukubalika.

Kupima lile pengo la nyuzi 24, programu nyingi zimewekewa hesabu ya Lahiri. Zipo nyingine, kama ya Raman, inayopishana nayo kwa zaidi ya uzi mmoja, na Mwezi ukiwa mpakani hiyo inatosha kubadilisha nakshatra. Watu wawili wakilinganisha ramani, watumie hesabu moja.

Mwaka wa Kichina

Gawanya mwaka kwa 12 na utazame kinachobaki: 4 Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui Milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi, 0 Tumbili, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. Tarakimu ya mwisho ya mwaka hutoa asili: 0 na 1 chuma, 2 na 3 maji, 4 na 5 mti, 6 na 7 moto, 8 na 9 udongo.

Kinachokosewa ni mwanzo wa mwaka. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwisho wa Januari na wiki ya tatu ya Februari. Mwaka 2000 ulianza tarehe 5 Februari, kwa hiyo Juma wa tarehe 3 ni Sungura wa udongo wa mwaka 1999, ingawa kila kikombe cha dukani kitamwita Joka. Mwaka 2026 ulianza tarehe 17 Februari. Ukiwa wa Januari au Februari, tafuta tarehe ya mwaka wako kwanza.

Ipi kwa nani

Mzee mwenye cheti cha tarehe 1 Januari ya kukisia asitumie tarehe. Njia hiyo itamfanya Mbuzi pamoja na maelfu ya wenzake waliokisiwa siku hiyo hiyo. Akiwa na uhakika wa mwaka, ya Kichina inamfaa. Akiwa na uhakika wa majina tu, abjadi. Mwenye tarehe bila saa atosheke na nyota ya Jua. Mwenye saa iliyoandikwa hospitalini anaweza kwenda kwenye Mwezi na buruji inayochomoza. Kwa kadi, keki, kidani au mchoro, nyota ya tarehe ndiyo inayotambuliwa na watu wengi, kwa hiyo hiyo inatosha.

Njia zisichanganywe. Safu ya utabiri ya gazeti imeandikwa kwa nyota za tarehe. Juma wa abjadi akisoma ya Punda, anasoma maelezo yaliyoandikiwa watu waliozaliwa Machi na Aprili. Kosa hili ni la kawaida mno pwani.

Na kama unataka nyota ikuamulie ndoa, matibabu au fedha, tunakushauri usichague yoyote. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa ramani ya nyota ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa la mtu huyo. Walipatia takribani mara moja kwa tatu, sawa na mtu anayebahatisha. Wanazuoni wa Kiislamu nao hutenganisha falaki ya kupanga nyakati za sala na kibla, ambayo ni elimu, na utabiri wa mambo ya ghaibu, ambao wanaukataza; makanisa mengi yana msimamo kama huo. Maana za alama, historia yake na hesabu zake zinafaa kujulikana bila kuzikabidhi maisha.

Jiwe la kuzaliwa

Mawe hufuata mwezi wa kalenda, si nyota. Orodha inayotumiwa na masonara wengi ilipangwa Marekani mwaka 1912 na chama cha wauza vito, na mwezi mmoja hubeba nyota mbili: mtu wa Desemba anaweza kuwa Mshale au Mbuzi, mawe yakabaki yale yale. Juma wa Februari ni amethisti. Tanzanite, inayochimbwa Mererani mkoani Manyara peke yake duniani, iliongezwa kwa Desemba mwaka 2002, kando ya feruzi na zirkoni zilizokuwemo tayari.

Ukimnunulia mtu tanzanite, fikiria kidani au hereni kabla ya pete ya kila siku. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, na mchanga wa kawaida una chembe za kwazi zenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete inayovaliwa jikoni na shambani itachubuka. Pia hupasuka kwa kugongwa au kwa joto la ghafla. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno. Mashine ya sonara ya kusafishia kwa mtetemo isitumike. Rangi ya buluu kwa kawaida imetokana na kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la takribani nyuzi 600, na hilo si udanganyifu: jiwe likitoka ardhini mara nyingi huwa la kahawia, na rangi ikishageuka haififii. Muulize muuzaji uzito kwa karati na uone jiwe kwenye mwanga wa jua na wa taa ya njano kabla ya kulipa, kwa sababu huelekea buluu kwenye jua na zambarau kwenye taa.